Kilimo cha Vitunguu vya Biashara: Somo kwa Wakulima wa Munyaka na Viunga vya Eldoret

Munyaka ni mtaa ulioko pembezoni mwa Eldoret, mji wa nyanda za juu za Uasin Gishu uliofikiwa na reli mwaka 1924 na kupewa hadhi ya jiji mwezi wa Agosti 2024. Jina lenyewe kwa Kikuyu maana yake ni bahati. Kama ilivyo katika mitaa mingi iliyo ukingoni mwa mji, ardhi imegawanywa vipande vidogo vidogo, na nyumba zinazidi kujengwa mahali palipokuwa mashamba. Mwenye robo ekari hapo hujiuliza kila mwaka swali lile lile: je, kipande hiki kitaweza kulipa karo ya watoto, au kitaendelea kutoa mahindi ya kula tu?

Swali hilo lina haki ya kuulizwa. Robo ekari ya mahindi, katika mwaka mwema, huweza kutoa magunia 5 au 6 ya kilo 90. Hicho ni chakula cha nyumba, wala si biashara. Kitunguu ni zao la namna nyingine. Huhitaji ardhi ndogo, lakini hutaka kazi nyingi, maji ya hakika, na fedha za kuanzia. Kwa hiyo huweza kumwinua mwenye shamba dogo, na pia huweza kumtia katika deni zito kuliko mahindi. Yafaa basi mambo yake yajulikane kabla mbegu haijanunuliwa.

HESABU YA SHAMBA

Robo ekari ni kama mita 1,000 za mraba. Mkulima akifanya matuta yenye upana wa mita 1, na kuacha njia za nusu mita kati yake, sehemu itakayopandwa ni kama mita 670 za mraba. Miche ikipandwa sentimita 30 kati ya mstari na mstari, na sentimita 10 kati ya mche na mche, kila mita moja ya mraba huchukua kama miche 33. Jumla yake ni miche 22,000 hivi. Kila kitunguu kikifika gramu 100, shamba litatoa kilo 2,200.

Hiyo ni hesabu ya karatasi. Shambani kuna miche inayokufa, vitunguu vinavyopasuka mara mbili, vinavyotoa maua kabla ya wakati, na vinavyooza. Mkulima mwenye busara hupunguza robo au theluthi ya hesabu hiyo kabla hajaanza kuota ndoto za fedha.

KALENDA ISIYO YA MAHINDI

Kosa kubwa linalowapata wakulima wapya wa nyanda hizi ni kufuata kalenda ya mahindi. Mvua za Uasin Gishu huanza mwezi wa Machi au Aprili na kuendelea mpaka Septemba. Mahindi huzipenda mvua hizo. Kitunguu hukomaa vibaya ndani yake. Mtu akipandikiza mwezi wa Aprili, vitunguu vyake hukomaa Agosti, wakati ardhi imelowa na mawingu yametanda. Majani hushikwa na maradhi ya ukungu, shingo za vitunguu hazikauki, na mavuno hayapati jua la kuyakausha. Shamba lililopendeza mwezi wa Juni huishia katika chungu ya vitunguu vinavyonuka.

Kalenda ifaayo ni kama iliyopinduliwa. Mbegu husiwa kitaluni katikati ya Agosti, chini ya kivuli chepesi cha kuzuia matone makubwa ya mvua. Miche huhamishiwa shambani katikati ya Oktoba, mvua zinapopungua. Vitunguu hukua katika miezi ya kiangazi kwa kumwagiliwa maji, na huvunwa mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, jua likiwa bado kali. Ikumbukwe kwamba Eldoret iko juu kiasi cha mita 2,100 kutoka usawa wa bahari, na usiku wake ni wa baridi. Kwa sababu hiyo kitunguu huko huchukua muda mrefu zaidi kukomaa kuliko katika nchi za joto. Mkulima asihesabu chini ya miezi 4 tangu siku ya kupandikiza.

MAJI KWANZA

Kwa kuwa kalenda hii ni ya kiangazi, maji ndiyo yanayoamua ukubwa wa shamba. Siku ya jua kali, mita moja ya mraba ya vitunguu vyenye majani mengi hutumia kama lita 4 hadi 5 za maji. Mita 670 za matuta huhitaji basi kama lita 3,000 kila siku, yaani mitungi 150 ya lita 20. Hakuna nyumba iwezayo kubeba maji hayo kichwani kwa miezi mitatu.

Mwenye kisima kinachompa mitungi 40 kwa siku, zaidi ya ile ya matumizi ya nyumbani, ana lita 800. Maji hayo yatatosha matuta 12 yenye urefu wa mita 15, basi. Shamba hilo laonekana dogo, lakini lina miche kama 6,000, na likitunzwa vema laweza kutoa kilo mia nne au mia tano. Ni bora avune matuta 12 yaliyoshiba kuliko kupanda robo ekari nzima na kuitazama ikinyauka mwezi wa Januari. Mipira ya kudondoshea maji matone matone hupunguza upotevu na kazi, na kutandaza nyasi kavu kati ya mistari huhifadhi unyevu.

Maji ya mitaro inayopokea uchafu wa mji hayafai hata kidogo, ijapokuwa yapo karibu na hayana bei. Kitunguu hukua ardhini na mara nyingi huliwa kibichi katika kachumbari; uchafu ulioko majini hufika mezani pamoja nacho.

UDONGO WA UASIN GISHU

Udongo wa sehemu nyingi za Uasin Gishu una tindikali, na kutia mbolea ya DAP mwaka baada ya mwaka katika mahindi na ngano kumeongeza hali hiyo. Kitunguu hupenda udongo usio na tindikali nyingi, wenye kipimo cha pH kati ya 6 na 6.8. Udongo ukiwa chini sana ya hapo, mizizi hudumaa, na mbolea itiwayo hailisahi mmea kama ipasavyo. Mkulima hudhani amenunua mbolea mbovu, kumbe udongo ndio uliomfungia mlango.

Dawa yake ni kupima udongo maabarani kabla ya kutumia shilingi moja katika mbolea, na kutia chokaa ya shamba kwa kiasi kitakachoagizwa. Chokaa haifanyi kazi kwa siku moja. Yafaa ichanganywe na udongo miezi miwili au mitatu kabla ya kupandikiza. Sehemu nyingine za nyanda hizi zina tabaka la mawe ya murram karibu na uso wa ardhi, na mabondeni maji hutuama. Mahali pa namna hiyo matuta yainuliwe sentimita 15 au 20 ili mizizi ipate nafasi na hewa.

Samadi iliyooza vizuri ni msingi wa kazi yote. Tani 2 hadi 4 zatosha robo ekari. Samadi mbichi ni hatari, kwani huleta funza, magugu na maradhi. Tena haifai kupanda vitunguu mahali palipopandwa vitunguu, saumu au liki katika miaka mitatu iliyopita. Mahindi, maharagwe au kabichi ni watangulizi wema.

MBEGU NA KITALU

Kuna jambo moja kuhusu kitunguu ambalo huwashangaza wengi: kitunguu huhesabu saa za mchana. Mmea hauanzi kufanya kichwa mpaka urefu wa mchana ufikie kiasi chake. Aina za Ulaya ya kaskazini zimezoea siku ndefu za kiangazi, zenye mwanga wa saa 14 au zaidi. Eldoret iko karibu na ikweta, na mchana wake ni saa 12 hivi mwaka mzima. Mbegu ya Ulaya ikipandwa hapo hutoa majani mengi mazuri, wala haifanyi kitunguu kamwe. Kwa hiyo mkulima achague aina za siku fupi. Red Creole na Bombay Red zimejulikana kwa miaka mingi katika Afrika Mashariki, nazo huhifadhika vizuri. Siku hizi ziko pia mbegu chotara zinazozaa zaidi, ila bei yake ni kubwa, na mbegu zitokazo katika mavuno yake hazifai kupandwa tena.

Kilo 1 ya mbegu hutosha ekari moja. Kwa robo ekari gramu 250 zatosha. Mbegu ya kitunguu huzeeka upesi kuliko mbegu nyingi za mboga, na iliyokaa zaidi ya mwaka mmoja huota kwa uchache. Mnunuzi atazame tarehe iliyoandikwa, na asinunue mbegu inayopimwa kwa kijiko kutoka katika mkebe uliokwisha funguliwa. Kujaribu ni rahisi: mbegu 100 hutandazwa juu ya kitambaa chenye maji na kufunikwa. Zikiota 80 baada ya siku 10, ni njema. Zikiota 40, hasara imeepukwa mapema.

Kitalu cha gramu 250 huhitaji kama mita 25 za mraba. Mbegu husiwa katika mistari iliyoachana sentimita 15, kwa kina cha sentimita 1, kisha hufunikwa kwa nyasi kavu. Miche huchomoza baada ya siku 7 hadi 10, na hapo nyasi huondolewa jioni, jua likiwa limepoa. Baada ya majuma 8 hivi, miche ikiwa na unene wa penseli, hupunguziwa maji kwa siku chache ili izoee shida za shambani. Miche mikubwa kupita kiasi isipandwe, kwa maana hiyo ndiyo inayoelekea kutoa maua katika usiku wa baridi, na kitunguu kilichotoa ua hakiwekeki.

KUPANDIKIZA NA KUTUNZA

Miche hung'olewa asubuhi au jioni na kupandwa siku ile ile, kwa kina kile kile ilichokuwa nacho kitaluni. Kuuzika sana mche ni kosa. Kitunguu hukaa juu ya udongo, mizizi tu ikiwa chini. Kwa sababu iyo hiyo, kurundikia udongo shinani kama ifanywavyo kwa viazi hakufai.

Majani ya kitunguu ni membamba na husimama wima, kwa hiyo hayawezi kuyafunika magugu. Majuma 8 ya kwanza ndiyo ya hatari. Palizi ifanywe kwa mkono au kijembe kidogo, juu juu tu, kwa kuwa mizizi ya kitunguu haiendi mbali. Kazi hii ndiyo inayokula fedha za vibarua kuliko nyingine zote, na mwenye watu wachache nyumbani aitie katika hesabu yake mapema.

Mbolea yenye fosfati hutiwa wakati wa kupandikiza. Mbolea ya CAN hutiwa mara mbili, baada ya majuma 3 na baada ya majuma 6. Nusu gunia la kilo 50, likigawanywa mara mbili, ni kiasi cha kawaida cha robo ekari, isipokuwa majibu ya maabara yaonyeshe vingine. Baada ya hapo mkono uzuiliwe. Mtu aonaye vitunguu vyake vikinenepa hutamani kuviongezea mbolea ili vizidi, lakini mbolea itiwayo kwa kuchelewa hufanya shingo kuwa nene. Shingo nene haifungi, na kupitia hapo uozo huingia ghalani.

ADUI WA SHAMBA

Mdudu aitwaye thiripi ndiye adui wa kiangazi. Ni mdogo kuliko chawa, hujificha katikati ya majani machanga, na huacha mistari myeupe kama fedha. Mkulima afunue majani ya katikati ya miche kadhaa mara mbili kwa juma, asingoje shamba zima ligeuke rangi. Dawa ile ile ikipigwa kila mara, thiripi huizoea. Kwa hiyo dawa za namna mbalimbali hupokezana.

Ukungu huleta maradhi mawili makubwa. La kwanza ni baka la zambarau, lenye madoa yaliyobonyea katika majani. La pili ni ubwiri, unaofunika majani kwa unyoya wa rangi ya kijivu wakati wa baridi na umande. Nafasi ya kutosha kati ya miche, kumwagilia asubuhi badala ya jioni, na kuteketeza mabaki ya mavuno yaliyopita huzuia mengi. Dawa itumiwayo iwe ile iliyoandikishwa na serikali kwa zao hili, na siku zilizoandikwa kwenye chupa kati ya kupiga dawa na kuvuna zihesabiwe barabara. Mlaji wa kitunguu hana njia ya kujua iwapo zilihesabiwa. Dhamana ni ya mkulima.

KUVUNA NA KUKAUSHA

Nusu au robo tatu ya majani yakilala yenyewe, kitunguu kimekomaa. Majuma mawili kabla ya kuvuna, maji hukatwa. Wako wavunao mapema kwa kuwa mchuuzi amefika na lori au mkono una haja ya fedha. Kitunguu kibichi huuzwa siku hiyo hiyo tu, na mchuuzi ajuaye kwamba hakiwezi kungoja ndiye apangaye bei.

Vitunguu hung'olewa taratibu bila kutupwa, kwa kuwa kila pigo ni mlango wa uozo. Hutandazwa mahali penye kivuli na upepo kwa siku 10 hadi 14, mpaka shingo ikauke kabisa na ganda la nje litoe sauti kama karatasi. Kisha majani hukatwa, shingo ikiachwa sentimita 2 au 3. Vilivyogawanyika, vilivyojeruhiwa, vyenye shingo nene na vilivyotoa maua hutengwa, vikaliwa au kuuzwa kwanza.

Vilivyobaki huwekwa juu ya chanja za mbao au fito, katika kibanda chenye paa lisilovuja na kuta za kupitisha hewa, kwa tabaka zisizozidi sentimita 30. Hukaguliwa kila juma, na kilichoanza kuoza huondolewa kabla hakijawaambukiza jirani zake. Aina nyekundu zilizokaushwa vizuri huweza kukaa miezi mitatu. Miezi hiyo ndiyo nguvu ya mkulima mbele ya mnunuzi.

SOKO NA DAFTARI

Mkulima wa Munyaka hayuko peke yake sokoni. Sehemu kubwa ya vitunguu viliwavyo Kenya hutoka Tanzania, hasa Mang'ola katika Wilaya ya Karatu, karibu na Ziwa Eyasi, ambako wakulima hutumia maji ya chemchemi. Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulianza mwaka 2005, na bidhaa za nchi wanachama hupita mpakani bila ushuru wa forodha. Nchini Kenya kwenyewe kuna wakulima wengi wa Kieni katika Nyeri na wa Loitoktok katika Kajiado. Malori ya sehemu hizo yakifika Eldoret kwa wingi, bei hushuka kwa siku chache. Mwenye ghala hungoja. Asiye nalo huuza kwa hasara.

Hata hivyo mkulima wa karibu ana faida yake. Hana nauli ndefu, na huweza kuwauzia moja kwa moja mama mboga, mikahawa na shule, kidogo kidogo, kwa mizani. Kuuza kwa mizani ni bora kuliko kuuza kwa neti zilizojazwa kupita mdomo, ambazo kipimo chake hakijulikani ila kwa mnunuzi.

Mambo yote haya huishia katika daftari. Ichukuliwe kwa mfano kwamba mtu ametumia shilingi 60,000 katika mbegu, mbolea, maji, dawa na vibarua. Akipata kilo 2,000 za kuuza, kila kilo imemgharimu shilingi 30. Kilo 500 zikioza kwa sababu hazikukaushwa, zile 1,500 zilizobaki zimemgharimu shilingi 40 kila moja. Bei ya soko ikiwa shilingi 35, mkulima wa kwanza amepata faida ya shilingi 10,000, na wa pili amepoteza shilingi 7,500; na wote wawili walilima shamba lile lile, kwa jasho lile lile. Kilichowatenga ni siku 14 za kivuli na upepo.

Kwa hiyo anayeanza yafaa aanze na matuta machache, kwa fedha zake mwenyewe, bila kukopa kwa kutumaini bei ya mwaka uliopita. Katika msimu huo wa kwanza aandike tarehe ya kusia, mitungi ya maji, siku za vibarua, kilo zilizovunwa, kilo zilizooza, na bei ya kila juma. Msimu wa pili atajua mwenyewe kama shamba lake, kisima chake na watu wake wanaweza kuongeza. Wazee walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Na katika kilimo cha vitunguu, daftari lina thamani sawa na jembe.